Njia ya Machimboni

Ungemuuliza mtu yeyote wa mtaa ule amezaliwa wapi, angekuonyesha zahanati ndogo ya kona yenye pazia la kijani mlangoni. Ungemuuliza nani alimpokea, angekujibu bila kufikiri: Mkunga. Jina alilopewa na wazazi wake watu walishalisahau zamani. Hata mdogo wake wa kiume, akikasirika, alimwita Mkunga.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye mikono midogo kuliko mwili wake. Wanawake walisema Mungu aliitengeneza kwanza mikono, mwili akauongeza baadaye ili isipeperuke na upepo. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Mama akilia kitandani kwamba anakufa, yeye aliendelea kukunja mikono ya gauni lake na kumwambia, "Utakufa kesho, mama. Leo tuna kazi." Na mama huyo huyo, saa ile ile, angejikuta anacheka katikati ya uchungu.

Mlango wa nyumba yake ulitazamana na mlango wa Msusi. Msusi naye jina lake lilikuwa kazi yake. Alisuka kichwa cha kila bi harusi wa mtaa, na alikuwa mrefu kiasi cha kusuka wateja wake kwenye viti huku yeye amesimama wima. Hao wawili walizaliwa mwezi mmoja, nyumba hizo hizo, na mama zao walichota maji bomba moja. Tangu walipojua kusema waliitana Pacha. Watu waliwacheka: "Mapacha gani hawa? Mmoja amekula chakula cha mwenzake!" Lakini walipozoea, mtaa mzima ukawaita hivyo.

Shuleni walitenganishwa madawati kwa sababu ya kucheka, wakawa wanachekeana kutoka pande mbili za darasa, ikawa balaa zaidi. Msusi alijifunza kazi yake kwenye kichwa cha Mkunga, akimvuta nywele mpaka machozi yanamtoka. Mkunga alijifunza kufunga bandeji kwenye mguu wa Msusi, na siku moja aliukaza mguu ule ukafa ganzi, mwenye mguu akashindwa kuvuka barabara. Mama yake alipomwona anaburutwa mlangoni alipiga mayowe akidhani mtoto amevunjika. Wote wawili walipigwa, na wote wawili walicheka wakipigwa.

Mambo ya madhehebu yalikuwepo, ila hayakuwa na uzito. Dini ilikuwa moja, kitabu kimoja, Mungu mmoja. Nyumba za ibada ndizo zilikuwa mbili, moja kilimani, moja bondeni karibu na soko. Kwa hiyo kulikuwa na watu wa Juu na watu wa Chini. Akina Msusi walikuwa wa Juu, akina Mkunga wa Chini. Siku ya ibada wasichana wale walitoka pamoja mpaka kona, mmoja akapanda, mwingine akashuka, kisha wakakutana tena pale pale kulinganisha mhubiri wa nani amewachosha watu zaidi.

Msusi aliolewa na mwalimu wa hesabu, mtu mpole mwenye chaki kwenye mifuko yote, ambaye mtaani aliitwa Mwalimu tu. Binti yao ndiye mtoto wa kwanza ambaye Mkunga alimpokea peke yake, bila mkubwa wa kumsimamia. Msusi alilia, Mkunga alilia, mtoto akawashinda wote. Tangu siku hiyo mtoto hakunyamaza. Alipoanza kusema, alisema mpaka usingizini, wakamwita Chiriku. Yeye alimwita Mkunga Mama Mkubwa, na alikuwa akikaa kwake sawa na alivyokaa kwao.

Mkunga mwenyewe aliolewa pia, lakini mumewe alikwenda kutafuta kazi mbali na huko akapata kazi na mke mwingine. Hakumfuata. Alibaki na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa mama yao, aliyemlea tangu mama huyo alipofariki. Walimwita Kitinda. Alikuwa mtoto wa kikohozi, kifua kikimbana kila msimu wa baridi, na ni Mwalimu aliyekuwa akimpakia kwenye baiskeli kumkimbiza hospitali, shati la Mwalimu likilowa jasho na mate ya mtoto. Kitinda alipokua alijifunza kutengeneza simu. Alikuwa na meza yake sokoni, na dada yake alijivunia meza ile kama mwingine anavyojivunia ghorofa.

Vita vilianza mbali, redioni. Mara ya kwanza watu walivisikiliza kama wanavyosikiliza habari za mafuriko ya nchi nyingine: wanasikitika, wanazima, wanalala. Kisha vikasogea. Nyumba ya ibada ya kilimani ikapigwa kombora watu wakiwa ndani. Baada ya siku chache duka la mtu wa Chini likachomwa naye yumo. Barabara kuu ikawa mpaka, na majina yale ya Juu na Chini, yaliyokuwa ya kuelekezana njia, yakawa ya kuulizana ukiwa umeelekezewa bunduki.

Mtaa wao ulikuwa upande wa Chini. Familia nyingi za Juu zilifunga virago. Mwalimu alikataa. "Mimi nafundisha kujumlisha na kutoa," alisema. "Nani ana ugomvi na hilo?" Vijana wa Chini wakaunda kikosi cha kulinda mtaa, wakapiga kambi kwenye shule iliyofungwa. Kitinda akaiacha meza ya simu, akajiunga. Mkunga alipoiona bunduki imeegemezwa kando ya ndoo ya maji jikoni kwake alishika kiuno.

"Hii nini?"

"Ya kulinda mtaa, dada."

"Mtaa huu nimeulinda mimi miaka yote kwa mkasi na sabuni."

Kitinda alicheka, akamkumbatia, akala, akaondoka nayo. Mkunga alimwacha. Alijiambia ni ujana, utapita.

Alasiri moja pikapu iliingia mtaani ikiwa na vijana waliojifunga vitambaa usoni. Walipita nyumba za watu wa Juu waliobaki, wakatoa wanaume. Mwalimu alikuwa ameketi mbele ya mlango wake akiwafundisha watoto wa jirani. Walimwambia ainuke, ana maswali mawili matatu ya kujibu. Aliinuka, akapangusa suruali, akawaambia watoto wamalizie hesabu zilizobaki. Kijana mmoja aliyesimama karibu na gari alianza kukohoa ndani ya kitambaa chake. Alikohoa kile kikohozi kirefu kinachoishia na mluzi, na Chiriku, aliyekuwa dirishani, alimtambua papo hapo.

Msusi alivuka barabara bila viatu.

"Pacha! Wamemchukua Mwalimu. Kitinda yumo. Mwambie, wewe anakusikiliza."

"Kitinda? Kitinda hawezi…"

"Chiriku amemsikia anakohoa. Nenda, Pacha. Nenda sasa hivi."

Mkunga alikwenda mbio na mwili wake ule mpaka kwenye lango la shule. Kitinda alitoka nje kuzungumza naye. Hakumtazama machoni.

"Rudi nyumbani, dada. Ni maswali tu. Jioni atakuwa kwake."

"Niapie."

"Jioni, dada. Nimekwambia."

Alitaka sana kumwamini, na mtu akitaka sana kuamini huwa hahitaji ushahidi. Alirudi, akamshika Msusi mabega, akamwambia kwa sauti ile ile aliyowatulizia wanawake wenye uchungu, "Jioni atarudi. Nimeongea naye. Nakuahidi." Msusi akatulia. Akaingia jikoni, akapika, akamwekea mumewe chakula na kukifunika.

Jioni ilipita. Maiti ya Mwalimu iliokotwa siku mbili baadaye nyuma ya tangi la maji, pamoja na wengine.

Kitinda aliporudi nyumbani, Mkunga alikuwa ameketi jikoni.

"Sikumpiga mimi," Kitinda alisema kabla hajaulizwa.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwa nje. Kwenye gari."

Mkunga alimtazama. Aliona uso wa mtoto aliyembeba mgongoni. Kisha akafanya jambo ambalo hakulielewa mpaka mwisho wa maisha yake. Aliinuka, akachukua sahani, akampakulia.

Siku ya mazishi alivaa gauni lake jeusi, akavaa viatu, akaketi ukingoni mwa kitanda. Mwalimu alikuwa anazikwa kilimani, na watu walishasema mtu wa Chini akipanda huko harudi. Lakini si bunduki zilizomzuia. Alikuwa anayaogopa macho ya Msusi. Aliketi pale mpaka waombolezaji waliporudi, akasikia mlango wa ng'ambo ukifunguliwa na kufungwa, ndipo akavua viatu.

Akajiambia atakwenda kesho. Kesho akajiambia keshokutwa. Mwishowe asubuhi moja alikuwa uani kwake, ambako uzio ulikuwa umeanguka na watu wa barabarani wanaona, akianika nguo alizofua. Alikuwa ameshika shati la Kitinda kwa mabega, analikung'uta. Alipoinua macho, Msusi alikuwa dirishani. Walitazamana juu ya shati lile. Mkunga alifungua kinywa. Msusi akavuta pazia.

Tangu hapo hawakusemezana. Nywele za Mkunga zilifumuka, akazifunga kitambaa. Hakuweza kumpa mtu mwingine kichwa chake. Zahanati nayo ikapungua watu. Kulikuwa na maneno yanazunguka kwamba wakunga wa Chini wana sindano yao maalumu, kwamba mama wa Juu akishajifungua anachomwa, anatoka damu mpaka basi. Nani aliyechomwa, wapi, hakuna aliyejua, ila kila mtu alikuwa na binamu anayemjua anayejua. Wanawake aliowazalisha mara nne, mara tano, wakaanza kupita upande wa pili wa barabara wakijifanya wanatafuta kitu mkobani.

Chiriku alikuwa ameolewa mwaka mmoja kabla ya vita. Mumewe alikuwa dereva wa masafa, vita vikamkuta ng'ambo ya mpaka, njia zikafungwa, akawa sauti tu kwenye simu. Chiriku akarudi kwa wazazi wake akiwa na mimba changa, kabla Mwalimu hajachukuliwa.

Siku moja, mchana wa jua kali ambapo mtaa ulikuwa umejifungia ndani, pazia la kijani lilisogezwa, Chiriku akaingia, tumbo likiwa mbele yake.

"Mama Mkubwa, nimekuja kwa siri, kwa hiyo nitasema haraka," alisema, na hakusema haraka hata kidogo. Alisimulia mgongo unavyomuuma, mumewe anavyopiga simu na kulia yeye badala ya kumbembeleza mke, mtoto anavyopiga teke upande mmoja tu kama mtu anayegombana na ukuta. "Mama hataki hata jina lako litajwe. Nikisema 'mkono' ananikazia macho. Lakini nani mwingine atanizalisha? Wewe ulinitoa, umalizie na huyu."

Mkunga alicheka, na akagundua kwamba alikuwa hajacheka siku nyingi. Alimlaza, akapasha mikono yake joto kwa kuisugua, akampima tumbo. Kicheko kikamwisha polepole. Kichwa cha mtoto kilikuwa juu, chini ya mbavu.

"Ametanguliza makalio," alisema. "Usiogope. Wa hivyo nimewapokea wengi. Ila huyu si wa kungoja. Ukisikia uchungu wa kwanza tu, niite. Na kama hamtaki mimi, nendeni hospitali mapema, kabla uchungu haujaanza. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

Chiriku alirudia, akamwiga sauti na kukunja kwake uso, kisha akamshika mkono. "Baba hakuwa na kinyongo na mtu. Mama ana kinyongo kwa ajili ya wawili. Mpe muda, Mama Mkubwa."

Chiriku hakuweza kumwambia mama yake alikokuwa, kwa hiyo hakuweza kumwambia aliyoyasikia. Akanyamaza, kwa mara ya kwanza maishani mwake, juu ya jambo lililohitaji kusemwa.

Uchungu ulimshika asubuhi. Habari aliileta Muuza Mkaa, jirani wa nyumba ya tatu, mjane ambaye hakuwa wa Juu wala wa Chini kwa sababu, kama alivyosema, mkaa unamchafua kila mtu. "Chiriku ameanza," alisema kwa sauti ya chini. "Tangu alfajiri. Wametafuta pikapu."

Mkunga alichukua mkoba wake: glavu, mkasi, uzi, na ile sindano ya kuzuia damu aliyoitunza kama mboni ya jicho kwa sababu dawa zilikuwa haziingii mjini tena. Alivuka barabara. Alipiga hodi kwenye mlango ambao tangu utoto hakuwahi kuupigia hodi.

Msusi alifungua kidogo, mwili wake ukiziba nafasi iliyobaki. Alikuwa amekonda. Walikuwa hawajasimama karibu hivyo tangu siku ile ya Mwalimu.

"Pacha," Mkunga alisema.

"Usiniite hivyo."

"Mtoto amekaa vibaya. Ametanguliza makalio. Niache niingie."

"Umejuaje?"

Mkunga alisita. "Nilimpima. Alikuja kwangu."

Uso wa Msusi ulibadilika, kama mtu aliyepigwa kofi na mtu aliye nyuma yake. Aligeuza kichwa kutazama ndani, kisha akarudi. Macho yake yakashuka kwenye mkoba.

"Umebeba nini humo?"

"Vifaa vyangu. Unavijua vyote."

"Sindano imo?"

"Imo. Ni ya…"

"Sitaki kujua ni ya nini."

Kutoka chumba cha ndani Chiriku aliita, pumzi zikimkatika, "Mama, mwache aingie! Mama, tafadhali!"

"Msikie," Mkunga alisema. "Nichukie kesho. Nichukie maisha yangu yote. Leo niache nifanye kazi."

"Siku ile ulinishika mabega hapa hapa," Msusi alisema. Sauti yake haikupanda. "Ukaniambia jioni atarudi. Nikapika. Unajua nilikipasha moto chakula kile mara ngapi? Nilikuwa bado nakuamini, napasha chakula. Mume nimetoa. Mtoto sitoi kwa mkono wangu mwenyewe. Tunampeleka hospitali ya kilimani."

"Kilimani ni mbali, na mkikizunguka kizuizi cha barabara kuu hamtawahi. Hatafika, Pacha. Hatafika!"

Aliyasema kama mkunga, mtu anayejua uchungu unaenda kasi gani na gari linaenda kasi gani. Lakini Msusi hakumsikia mkunga. Alimsikia dada wa Kitinda.

"Hatafika?" alisema taratibu. "Nani atamzuia asifike? Ndugu yako?"

"Sikusema hivyo! Wallahi sikumaanisha…"

Mlango ulifungwa. Mkunga aliupiga kwa kiganja. "Piteni barabara kuu! Unanisikia? Nakwenda kuwafungulia njia! Piteni barabara kuu, ni fupi!" Ndani kulikuwa na kilio cha Chiriku tu.

Alikimbia. Kizuizi cha barabara kuu kilikuwa mahali ambapo mtaa wao unatoka, gogo limelazwa juu ya mapipa mawili, na mkubwa wa pale alikuwa kijana aliyempokea kwa mikono yake. Kitinda naye alikuwepo. Mkunga alishika gogo lile kwa mikono miwili kabla ya kupata pumzi ya kusema.

"Inakuja pikapu. Ina mzazi. Ni Chiriku. Muiache ipite."

Kitinda alikuwa wa kwanza kulishika gogo upande wa pili. Hakuuliza kitu. Mkubwa wao alikuna kichwa, akatazama kulia na kushoto. "Kwa ajili yako, mama," alisema. "Nami si uliniambia nilitoka nimeziba masikio kwa mikono? Sijasikia gari lolote." Wakaliinua, wakalisogeza kando. Njia ikawa nyeupe mpaka kilimani.

Wakasimama kungoja.

Pikapu ilitoka mtaani. Mkunga aliiona vizuri: dereva mbele, na nyuma Msusi amepiga magoti juu ya godoro na Muuza Mkaa amemshikilia mzazi. Ilifika kona, ikasimama. Kutoka pale dereva aliona kizuizi, akaona vijana wenye bunduki wamejipanga pande mbili za njia iliyo wazi. Nani anafunguliwa njia na adui zake? Mkunga alivua kitambaa kichwani, akakipunga juu, nywele zake zikiwa timutimu, akapiga kelele, "Njooni! Njooni!" Kitinda naye akapunga, na bunduki ikapanda pamoja na mkono wake.

Pikapu iliruka, ikakata kona, ikashika njia ya machimboni.

Njia ile ilizunguka kilima chote. Ilikuwa ya malori ya mawe, mashimo matupu, na hata kabla ya vita hakuna aliyeipita akiwa na mgonjwa. Mkunga alilikimbilia lile vumbi. Alikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki nyuma, mpaka kifua kikakataa, akaketi barabarani na mkoba mapajani. Kitinda alimfuata, akasimama karibu, asijue aweke wapi mikono yake.

"Njia ilikuwa wazi, dada," alisema. "Tuliwafungulia."

Mkunga aliinuka, akaanza kurudi kukitafuta kiatu chake.

Muuza Mkaa ndiye aliyemsimulia, siku iliyofuata, ameketi kwenye kitanda kile kile cha kupimia alicholazwa Chiriku. Gari lilikwama kwenye mawe. Mtoto alianza kutoka hapo hapo. Msusi, ambaye hakuwahi kumpokea mtu, alimpokea mjukuu wake, makalio, miguu, mabega, na kichwa kikachelewa kidogo kisha kikatoka. Msichana. Akalia. Wote wakashukuru, dereva akapiga honi kwa furaha. Halafu damu ikaanza. Walitumia shuka, wakatumia nguo walizovaa. Chiriku alikuwa anaongea wakati wote, anamsifia mtoto pua, anasema apigiwe baba yake. Kisha akasema anasikia baridi.

"Akauliza…" Muuza Mkaa alianza, akanyamaza.

"Aliuliza nini?"

"Achana nayo."

"Aliuliza nini?"

"Kama Mama Mkubwa bado hajafika."

Sindano ilikuwa mezani, kwenye kikasha chake, nzima.

Siku hiyo hiyo alirudi nyumbani, akalitoa godoro la Kitinda mpaka barabarani, akatoa na nguo zake, zilizofuliwa na zisizofuliwa. Kitinda aliporudi hakubisha. Alijitwika godoro, akakohoa, akaenda zake shuleni kwa wenzake. Mkunga alijua Msusi anaona kutoka dirishani. Alijua pia kwamba lilikuwa jambo la kufanywa siku nyingine, zamani, na kwamba sasa lilikuwa godoro tu barabarani.

Vita viliisha kama vilivyoanza, redioni. Gogo likaondolewa, mapipa yakarudi kuwa ya maji. Kitinda alisamehewa pamoja na wengine wote kwa tangazo moja, akafungua tena meza yake ya simu. Mkunga akipita sokoni alimsalimia. Hakumpikia tena.

Mjukuu alipoanza kutembea, asubuhi moja pazia la kijani lilisogea na Msusi akaingia akimshika mkono. Nywele zake mwenyewe zilikuwa zimegeuka nyeupe, amezikata. Mkunga aliinuka, akakosa la kufanya na mikono, akaifuta kwenye gauni.

"Karibu. Kaa."

"Sikai sana. Tunahama. Baba wa mtoto amepata nyumba huko aliko." Msusi alibaki amesimama, akimtazama mtoto aliyekuwa anavuta pazia. "Nimekuja kukuuliza jambo moja. Nimeliuliza moyoni mpaka nimechoka. Wewe ndiye unayejua, hakuna mwingine. Ningekufungulia mlango siku ile, ungemwokoa?"

Mkunga alikuwa amejiuliza hilo hilo, na jibu lake halikuwa na shaka. Wa makalio aliwajua. Damu ile aliijua; alishaizuia kwa wanawake wengi, kwa mkono ndani na mkono tumboni, na kwa sindano aliyokuwa nayo mkobani hatua chache kutoka kitandani kwa Chiriku. Angemwokoa. Alimtazama yule mwanamke aliyemjua kuliko alivyojijua, akaona namna anavyosimama, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu na ameshaandaa mzigo wake wa kwenda nao jela.

"Hapana," alisema.

"Usinihurumie."

"Sikuhurumii. Damu ya namna ile haizuiliki. Hata kilimani wangeshindwa."

"Hata kwa sindano?"

"Hata kwa sindano. Angekufia mikononi mwangu, nawe ungesema nimemuua."

Msusi alivuta pumzi, ikaingia ndani sana, kama mtu aliyekuwa chini ya maji. Akaketi kwenye benchi asilotaka kuketi. Alilia kwa sauti, na mtoto, kwa kumwona analia, akaanza kulia naye. Mkunga alisogea hatua moja kuwashika. Msusi aliinua kiganja, akamzuia.

"Ya Mwalimu sijakusamehe," alisema alipoweza kusema.

"Najua."

"Sidhani nitakusamehe."

"Najua."

Msusi alijifuta uso, akambeba mtoto begani. Mlangoni alisimama kidogo, mgongo ukiwa umegeuka. Pazia likashuka nyuma yake.

Walihama wiki ile. Na kwa kuwa Msusi aliwaambia majirani alipoaga, maneno yakatembea: kumbe hata Mkunga mwenyewe amekiri, mtoto akitanguliza makalio na damu ikitoka, hana la kufanya. Wanawake wenye mimba za namna hiyo wakaanza kwenda kwa wengine. Mkunga aliyasikia, akayaacha yatembee. Wenzake wa hospitali, waliomjua, walimuuliza kwa nini hajitetei. Aliwaambia mikono imezeeka.

Miaka miwili baadaye Muuza Mkaa alikwenda kuwatembelea kule walikohamia, akarudi na habari. Mtoto anaongea mpaka anakera watu. Msusi ana kibanda cha kusukia, wateja wapo.

"Na anasema siku hizi analala," Muuza Mkaa alisema. "Tangu alipokuja kuongea na wewe, anaweka kichwa chini na usingizi unakuja."

"Afadhali," Mkunga alisema.

Alimsindikiza mgeni wake mpaka barabarani, akamshukuru kwa kuja. Aliporudi ndani alifunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana, akaketi juu ya kitanda cha kupimia, miguu yake mifupi ikining'inia. Alimlilia Mwalimu, akamlilia Chiriku, kisha akamlilia yule aliye hai, anayelala vizuri huko mbali, ambaye hatamwona tena. Nje mama mmoja aliyeshikwa na uchungu alikuwa anagonga. Mkunga alisikia, akajipangusa, akaenda kumfungulia.